Fundi Alianzia Wapi?

Kwa miaka 34 nilipita mbele ya mlango ule nikiwa na mbao begani, na sikuwahi kuingia. Makumbusho ya Lamu yapo ukingoni mwa bahari, kwenye ile njia ambayo watu na punda hupishana tangu alfajiri. Kila nikitoka Matondoni kuja mjini kununua misumari au pamba ya kalafati, ile ya kuzibia mianya ya mbao, lazima nipite hapo. Nikiwaona watalii wakiingia nilikuwa nikisema moyoni: hao wanakwenda kutazama mambo yetu, mimi ninayeyafanya nikatazame nini?

Hata siku niliyoingia sikuingia kwa hamu. Ilikuwa masika, na mvua ilinikuta njiani nina fuko la pamba. Pamba ya kalafati ikilowa maji ya mvua haifai tena, kwa hiyo nikajibanza barazani. Binti aliyekuwa zamu akaniona, akasema, "Ngia ndani, ami. Mvua hii haiishi sasa hivi." Nikatoa kiingilio cha wenyeji, nikaingia na fuko langu kwapani.

Mimi ni fundi wa vyombo vya baharini. Kijiji chetu kiko upande wa pili wa kisiwa, na kazi yetu ni hiyo tangu babu zetu: majahazi, mashua, madau, na kutengeneza vilivyochoka. Nilitiwa kazini nikiwa na umri wa miaka 13, kwa ami yangu, ndugu mdogo wa baba. Miaka miwili ya mwanzo hakunipa kitu chenye makali. Kazi yangu ilikuwa kusokota pamba, kuokota misumari iliyoanguka mchangani, kupaka mbao sifa ya papa, na kuchemsha chai. Baadaye nikapewa kushika ncha ya ubao wakati yeye anapima. Kushika ncha ya ubao ni darasa kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu macho yako hayana pa kwenda isipokuwa kwenye mikono ya fundi.

Vyumba vya mbele nilivipita haraka. Niliiona siwa ya Pate, ile ya pembe ya ndovu, na siwa ya shaba ya Lamu, pembe zilizopulizwa zamani kwenye arusi za wakubwa na mambo ya utawala. Niliona milango ya nakshi na vyombo vya nyumbani. Ni vizuri, lakini si kazi yangu, na fundi kwenye kazi ya fundi mwenzake hunyamaza.

Nilipofika kwenye zana nilisimama. Palikuwa na keekee, ile ya kutobolea mti kwa uta. Kamba ya uta wake ilikuwa imelegea. Ninayo kama hiyo nyumbani, chini ya kitanda, aliniachia ami. Siku hizi natumia drili ya umeme kama kila mtu, lakini umeme ukikatika na nimebakisha matundu manne, keekee hutoka chini ya kitanda na kazi huendelea. Sasa nimeikuta imelazwa kwenye kabati, na pembeni pameandikwa jina lake na kazi yake. Hakuna neno la uongo pale. Lakini nilijihisi kama mtu aliyepita makaburini akakuta kaburi lina jina lake.

Kisha nikaufikia mtepe.

Jina hilo kwetu kila mtu analijua. Mtoto wa Lamu hukua akisikia kwamba zamani kulikuwa na chombo kisicho na msumari hata mmoja, kimeshonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, kikienda kwa tanga la mkeka la pembe nne, na gubeti lake la mbele limeinuka kama shingo ya ngamia. Wazee husema shingo ile ni ukumbusho wa ngamia wa Mtume. Vilikuwa vyombo vya watu wa visiwa vyetu hivi, Wabajuni hasa, vikichukua boriti na mizigo mingine kwenda Mombasa na Unguja. Kufikia miaka ya 1930 vilikuwa vimekwisha baharini. Mimi nimezaliwa baada ya hapo, na ami yangu pia. Kwa hiyo chombo kile kidogo, mfano tu wa mtepe, ndicho kitu cha karibu zaidi nilichowahi kukiona maishani mwangu.

Nikainama. Na hapo jambo likanitokea ambalo sikulitazamia: mikono yangu ilianza kuusoma kabla ya macho. Nilinyoosha kiganja hewani mbele ya kioo, nikapima kwa shibiri, kutoka gubetini hadi tezini, nikajaribu kukisia chombo chenyewe kilikuwa dhiraa ngapi. Yule binti akaja taratibu. "Ami, kioo tafadhali usikiguse." Nikamwambia, "Sikigusi, mwanangu. Napima." Akanitazama, akatazama viganja vyangu, akauliza, "Wewe ni fundi?" Nikamwambia ndiyo, wa Matondoni. Akaenda akaniletea kigoda.

Nikaketi, na sasa nawaeleza nilichokiona, kwa sababu hakimo katika maandishi ya pale.

Sisi tukiunda jahazi, tunaanza kwa kulaza mkuku, ndio uti wa mgongo wa chombo. Juu ya mkuku tunasimamisha nguzo mbili, fashini ya mbele na fashini ya nyuma. Tunapachika mbao za chini, kisha tunatia mataruma, yaani mbavu, machache ya kuongoza umbo, na kutoka hapo mbao na mataruma hupanda pamoja. Hatuna mchoro wa karatasi. Umbo liko jichoni mwa fundi. Akisimama hatua 20 nyuma akafumba jicho moja, anajua kwamba ubavu wa kushoto umezidi kwa wanda mmoja. Mataruma tunayatafuta mikokoni, mlilana na mkomafi, na hatukati mti wowote ule: tunatafuta tawi lililokwisha kupinda lenyewe kwa kiasi tunachotaka. Mti uliopinda kwa kukua una nguvu. Mti uliopindishwa kwa msumeno umekatwa nyuzi zake, nao utapasuka penye wimbi kubwa.

Mtepe ulikwenda kinyume. Mbao zilitangulia. Ubao uliwekwa juu ya ubao mwenzake, ukingo kwa ukingo, zikashikizwa kwa vijiti vilivyopigwa ndani ya kingo, kisha zikashonwa. Matundu yalizibwa kwa vijiti ili maji yasipite. Mataruma yalikuja mwishoni, yakafungwa kwa kamba ndani ya chombo ambacho umbo lake limekwisha kukamilika. Ni kama kuumba ngozi kwanza, mifupa ikafuata.

Kwa msomaji asiye fundi hilo litaonekana dogo. Kwangu lilinifanya nisahau mvua. Maana fundi wa mtepe hakuwa na taruma la kumwongoza. Kila ubao ilibidi auchonge kwa tezo mpaka uwe na mpindo wake, akijua tangu ubao wa kwanza tumbo la chombo litajaa vipi kwenye ubao wa tisa. Mimi nikikosea, taruma linanikosoa. Yeye akikosea, hakuna wa kumkosoa mpaka chombo kishuliwe, nacho kiinamie upande.

Baadaye yule binti alinieleza, nami nikaja kusoma zaidi, kwamba habari za vyombo vya kushonwa katika pwani hii ni za kale sana. Mabaharia wa Kiyunani waliviandika katika karne ya kwanza, walipoutaja mji wa Rhapta upande huu wa Afrika. Wareno walipofika Msumbiji mwaka 1498 na Vasco da Gama, mwandishi wa safari yao alistaajabu kuona vyombo visivyo na msumari, vimefungwa kwa kamba, matanga yake ni mikeka. Hesabu hiyo ni zaidi ya miaka 1,800 ya watu kushona mbao, kutoka Wayunani hao mpaka mtepe wa mwisho. Jahazi la misumari tunalolisifu sisi ni mgeni mbele yake.

Nikiwa bado kigodani, wakaingia watoto wa shule, kiasi cha 20, na mwalimu wao. Binti yule akamnong'oneza mwalimu, na mwalimu akanijia kwa adabu: "Mzee, tunaomba uwaambie watoto neno moja." Mimi si mtu wa maneno. Lakini mtoto mmoja wa kike hakungoja nikubali. Akauliza, "Babu, kwa nini hawakutumia misumari?"

Nikamwambia wazee walikuwa na hadithi yake: kwamba baharini kuna mawe ya sumaku, na chombo cha misumari kikipita juu yake misumari yote huchomoka, chombo kikafumuka mbao mbao. Watoto wakacheka. Nikawaambia, hadithi ni hiyo, lakini sasa nitawaambia ninavyofikiri mimi niliyegonga misumari maisha yangu yote.

Kwanza, chuma kilikuwa ghali, na minazi ilikuwa mingi. Makumbi unayafukia kwenye tope la pwani, bahari inayaozesha, unayapiga, unapata usumba, unasokota kamba. Hulipi mtu isipokuwa jasho. Pili, pwani yetu ni ya maji kupwa na kujaa. Chombo hakikai gatini. Hukalia mchanga maji yakipwa, kikiwa na mzigo tumboni. Chombo cha misumari kikikaa vibaya, ubao hukazana na msumari na mmoja wao lazima ashindwe. Chombo cha kamba hunyumbuka, kikaulalia mchanga kama mtu anavyoulalia mkeka. Tatu, ubao mmoja ukiharibika, unafumua mshono, unautoa, unatia mwingine. Mimi nikitaka kutoa ubao mmoja uliogongwa misumari, mara nyingi huupasua na wa jirani yake.

Mwalimu akauliza, "Sasa mbona umekwisha, kama ulikuwa mzuri hivyo?"

Nilipenda swali lile kuliko yote, kwa sababu watu wengi wakisimama mbele ya kitu cha makumbusho huona aibu kuliuliza. Wanadhani lililokufa limeuawa na ujinga wa warithi wake. Nikamjibu ukweli. Kamba huoza. Mtepe ulikuwa unataka kushonwa upya kila baada ya muda, na kazi ya kusokota kamba peke yake ni ya watu wengi na siku nyingi. Na ulivuja. Chombo cha kushonwa daima kina mtu ngamani anayekumba maji. Misumari iliposhuka bei, nahodha alipiga hesabu zake akaona jahazi litamfikisha na mzigo mkavu. Ningekuwa mimi wakati ule, ningefanya vivyo hivyo. Siwalilii waliouacha mtepe. Walikuwa mafundi, na fundi huchagua kinachofanya kazi.

Basi yule mtoto wa kwanza akanyanyua tena mkono. "Babu, na aliyeutengeneza alianzia wapi?"

Nikafungua mdomo kumjibu, nikakuta jibu langu ni nusu.

Ninajua mbao zilitangulia mataruma. Ninajua lazima mtu mmoja alikuwa ndani na mwingine nje, wakipokezana kamba, kwa sababu tundu halishonwi na mkono mmoja. Lakini kamba ile ilivutwa kwa nguvu kiasi gani? Ukiivuta sana, ubao utapasuka kwenye tundu. Ukiilegeza, bahari itaingia. Kati ya hayo mawili kuna kipimo, na kipimo hicho hakikuwa cha shibiri wala cha dhiraa. Kilikuwa kwenye bega la mtu. Ami aliwahi kuniambia kwamba babu yake alikuwa akisema kamba iliyobana vizuri hulia ukiichokoa kwa kidole. Inalia sauti gani? Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Babu yule alikufa, na mlio wa kamba akaenda nao.

Ninalielewa hilo kwa sababu nami ninayo milio yangu. Ukipiga kalafati, unatia pamba kwenye mwanya kati ya mbao mbili, unaishindilia kwa patasi butu na nyundo. Mwanzo mlio ni mzito, kama kugonga gunia. Pamba ikishiba, mlio unakuwa mkavu, unaruka. Hapo acha. Ukiendelea utazipanua mbao. Mwanafunzi wangu ilimchukua mwaka mzima kuusikia mlio huo, nami sikuwahi kumweleza kwa maneno, nilikuwa nikisema tu, "Bado," "Bado," "Hapo." Hata kugonga msumari kuna siri yake: kwanza unatoboa, kisha unauzungushia msumari uzi wa pamba uliochovywa mafuta, ndipo unaupiga, ili maji yasifuate chuma kuingia ndani. Msumari mmoja una mambo manne, na jahazi lina misumari isiyohesabika.

Wenyewe husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Watoto walipoondoka nilizunguka nyumba yote, juu na chini, lakini nikarudi pale pale kwenye mtepe. Na niliporudi ndipo nilipopata neno la kile kilichokuwa kinaniuma tangu kwenye keekee. Makumbusho, haya na mengine yote, huonyesha kitu kilichokwisha kutengenezwa. Chombo kimekamilika, kimepakwa rangi, tanga liko juu. Mtazamaji anauliza, "Hiki ni nini?" naye anajibiwa vizuri. Fundi huuliza swali lingine: "Kilianzia wapi, na kilifuatia nini?" Swali hilo chombo kilichokamilika hakiwezi kulijibu, kwa maana kazi njema huficha hatua zake. Ubao wa mwisho umefunika wa kwanza.

Kwa hiyo kilichopotea kwenye mtepe si umbo. Umbo tunalo, hapa Lamu, Mombasa, na hata makumbusho ya Ulaya yana mifano yake. Kilichopotea ni mfuatano wa kazi. Wala usiniambie kwamba atakayeusoma mfano kwa makini ataupata. Unguja walijaribu. Mwaka 2003 waliunda mtepe mzima, wa ukubwa wake, wakaushona, nao ukawekwa katika Beit al-Ajaib, lile jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883. Ninawavulia kofia waliofanya kazi ile. Walirudi kwenye mifano na maandishi, na ilibidi mengine wayavumbue upya kwa mikono yao. Kuvumbua upya kunawezekana, lakini ni ghali kuliko kurithi. Na tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja wa jumba lile uliporomoka, watu wakafa. Jumba la mawe na chokaa, lenye nguzo za chuma, nalo huanguka. Hata kabati imara halitoshi kuwa mahali pekee pa kuwekea urithi.

Kuna wenzangu watasema haya ni maneno ya mzee anayeogopa vyombo vya faiba. Ni kweli faiba imetuumiza. Nilikuwa na mteja aliyeniagiza mashua, mkuku nikalaza, mataruma nikayakata, akaja kuniambia amepata ya faiba, tayari, ya kupakia injini siku hiyo hiyo. Mataruma yale yalikaa juani miezi minane mpaka nikayatumia kwingine. Na mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti nchi nzima, mikoko ikiwamo, tulikaa vijiweni tukitazamana. Sikatai. Mbao za maana kama mbambakofi na mvule sasa ni za kutafuta kwa tochi, na mara nyingi tunamalizia kwa mwembe, ambao bahari huula upesi.

Lakini mwaka huo huo wa 2018 palitokea hapa Lamu jambo lililonifundisha kinyume cha hofu. Mafundi wa kwetu waliunda jahazi la plastiki iliyookotwa pwani, makopo yaliyoyeyushwa yakafanywa mbao, kandambili zikafunika ubavu wake, wakaliita Flipflopi. Tulicheka sana mwanzoni. Plastiki haina nyuzi, haipindi kama mti, na inapopata joto hulegea. Nikaenda kuangalia. Nikakuta mkuku umelazwa, fashini zimesimama, mataruma yamepangwa, mbao zinapanda. Ilikuwa kazi yetu ile ile! Walibadilisha mti, hawakubadilisha mfuatano. Mwaka uliofuata jahazi lile lilisafiri mpaka Unguja.

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Sifungi roho kwenye mti wala kwenye msumari. Babu zetu walitoka kwenye kamba wakaingia kwenye msumari. Wajukuu watatoka kwenye mti waingie kwenye kitu ambacho mimi sikijui. Mradi mfuatano upo mikononi mwa mtu aliye hai, chombo kitapatikana. Ukikatika, hata ukipewa msitu mzima wa mvule utaunda sanduku.

Wala msidhani naidharau nyumba ile ya makumbusho. Lau si mtepe ule mdogo, nisingejua nimekosa nini. Binti yule aliyeniletea kigoda amenifanyia jambo ambalo hakuna skuli iliyowahi kunifanyia: alinitambua kuwa mimi ndiye maelezo. Nami natoa ombi kwa wote wenye makumbusho ya kazi za mikono, kuanzia Lamu hadi kwa wachonga vinyago, wafua chuma na wasuka mikeka wa bara na visiwani. Wekeni kitu kimoja ambacho hakijakamilika. Wekeni jahazi lililotiwa mbao upande mmoja tu, upande wa pili mataruma yako wazi. Wekeni mlango ambao nakshi yake imeishia nusu, patasi imelazwa pale ilipoachwa. Mtazamaji ataona kazi inavyotembea. Na pembeni yake, hata kama ni mara moja kwa mwezi, mketisheni fundi, mumlipe ujira wake wa siku kama anavyolipwa kiwandani, aendelee kidogo. Asitoe hotuba. Afanye kazi, watoto washike ncha ya ubao.

Na nyinyi mafundi wenzangu, tusiwasingizie vijana kwamba hawataki kazi. Nimejiuliza mimi mwenyewe: ni mara ngapi kijana aliniuliza "kwa nini" nikamjibu "angalia tu"? Ami alinifundisha hivyo, na mimi nilikuwa na miaka kumi ya kuangalia. Kijana wa leo hana miaka kumi, ana bodaboda inayomngoja. Tukitaka abaki, tuseme kwa mdomo yale ambayo zamani yalisemwa na muda. Tangu masika yale, kila chombo ninachoanza mwanafunzi wangu anakipiga picha kwa simu yake kila hatua: mkuku, fashini, ubao wa kwanza, taruma la kwanza. Kalafati anairekodi sauti. Jioni tunasikiliza, namwambia, "Hapo bado. Hapo imeshiba." Wake zetu wanatucheka, watu wazima wawili wameinamia simu wanasikiliza nyundo.

Ewe msomaji, ukifika Lamu, nenda makumbusho asubuhi, ukautazame mtepe. Kisha mchana usilale. Panda mashua, au ukodi punda, uje Matondoni uone chombo kikiwa bado kina mbavu wazi, na uulize maswali yote yaliyokujia kule. Usituonee haya, fundi asiyeulizwa ndiye anayekufa na milio yake.

Mimi mwenyewe nimeanza kuunda jahazi dogo, dhiraa mbili kwa urefu, la mti wa mkomafi. Nitalitia mbao upande wa kulia tu, na likifika hapo nitalipeleka kwa yule binti. Mkuku nimeshaulaza.